Doa Jeusi Kwenye Shuka Jeupe

Saa moja asubuhi haijatimia, lakini chumba cha pasi kimeshachemka. Hakina dirisha. Kuna feni moja ukutani, meza mbili ndefu, na mvuke unaopanda mpaka dari inatoa jasho kama mtu.

Fundi Pasi, ndivyo wanavyomwita hapa hotelini, anavuta shuka jeupe, analinyoosha kwa kiganja, anapitisha pasi mara nne, analisukuma upande wa pili. Mashuka mia mbili na arobaini kwa zamu. Mwaka wa ishirini na sita huu, meza ni ile ile.

Kichwa chake ni cheusi tititi. Ukimtazama haraka utampa miaka hamsini na miwili, na hiyo ndiyo aliyoiandika ofisini. Ya kweli ni sitini na mmoja.

"Mgeni akianza kazi, jambo la kwanza namwambia asiniamkie," anasema, mkono hausimami. Msimamizi huingia saa mbili, kwa hiyo sasa anaweza kuzungumza. "Shikamoo utanipa nje ya geti. Humu ndani niite dada, tena kwa sauti, wakubwa wasikie."

Anacheka. Kicheko hakifiki mbali.

Zamani hakuwa hivi. Alipokuwa msichana aliutamani uzee kama wenzake walivyotamani harusi. Bibi yake mzaa mama hakuwa na cheo wala mali, lakini akikohoa tu, mazungumzo ya nyumba nzima yanakatika.

"Nilijipaka unga kichwani nione nitakavyokuwa. Nikachapwa kwa kuharibu unga," anasema. "Nilidhani nikifika huko nitaketi, niulizwe mambo. Haya, nimefika. Naulizwa nitaondoka lini."

Mwaka huu alikuja msimamizi mpya, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Akatangaza kwamba aliyevuka hamsini na mitano hataongezewa mkataba, maana hoteli inataka sura changa. Mpishi mmoja akauliza ni mteja gani huja kutazama sura kwenye chumba cha pasi. Mwisho wa mwezi hakuwepo tena kazini.

Tangu hapo, kila Jumapili Fundi Pasi hupaka nywele rangi. Afanyeje? Mumewe, mwashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo hasimami bila kushikwa. Mshahara unaoingia nyumbani ni huu mmoja.

Mwenzake mezani alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mkunjaji wa mashuka. Walizoeana mpaka wakawa wanategeana vitendawili kupitisha muda.

"Kitendawili," Fundi Pasi alimwambia Jumanne iliyopita.

"Tega!"

"Kila mtu anaomba akifikie. Akishakifikia, anakificha."

"Ndoa!"

"Mwone! Utaolewa na nani kwa mdomo huo? Nipe mji."

"Chukua wote, dada. Ni nini?"

"Uzee."

Walikuwa bado wanacheka feni ilipozimika. Joto likajaa. Jasho likamchuruzika Fundi Pasi kutoka kwenye nywele, likapita sikioni, na tone jeusi likadondoka katikati ya shuka. Akalifuta kwa kiganja, haraka haraka. Likaenea, likawa doa la ukubwa wa sahani.

Msimamizi alikuwa mlangoni.

"Nani amechafua?"

"Mimi, bosi," binti akasema kabla mwenzake hajafumbua mdomo. "Wanja wangu umeyeyuka."

Alikuwa na onyo moja tayari, la kuchelewa. Hili likawa la pili, na hapa onyo la pili ndilo la mwisho. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka.

Fundi Pasi akavuta shuka jingine.

"Siku ile uzee wangu ulitakiwa kufanya kazi moja tu, kusimama mbele ya mtoto wa watu," anasema sasa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii ameiweka pasi pembeni. "Nikauficha. Nilikuwa nafikiria dawa za mzee wangu, nikanyamaza. Mtu mzima mimi."

Amempigia binti simu mara tatu. Mara ya tatu akapokea. "Usijali, dada," akamwambia, kisha akakata.

"Yuko kwao, hana kazi, na bado ananiita dada," anasema. Macho yake yako sakafuni.

Kesho, kabla ya kuvaa sare, atamsubiri msimamizi mpaka saa mbili, aingie ofisini kwake. Atasema doa ni lake na miaka ni sitini na mmoja. Mumewe amekwisha kuambiwa. Aliuliza watakula nini, na mkewe akamjibu kwamba hajui.

Anachotumaini ni kwamba binti ataitwa arudi kazini.

Na wasipomwita?

"Nitamfuata mpaka kwao," anasema. "Nitakaa mbele ya mama yake, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba siku ile mtu mzima alikuwepo, akanyamaza."