Umeme wa Kwenye Ramani

Upole wa karani wa shirika la maeneo ya viwanda ndio unaompandisha mori fundi wa mageti. Mwaka wa pili huu, kila akiulizia umeme wa kiwanja alichopewa, karani huinuka, huinyoosha ramani ukutani kwa kiganja kama anayepiga pasi, kisha ukucha mrefu wa kidole chake cha mwisho hufuata mstari mwekundu, taratibu, hadi kwenye kiwanja chenyewe. "Umeme umefika, ndugu yangu. Si huu hapa?"

Leo fundi kaja na mashine ya kuchomelea begani. Akaibwaga juu ya mafaili, plagi akamshindilia karani mkononi.

"Haya, ndugu yangu. Chomeka hapo kwenye mstari. Nasubiri."