Siku Niliyompeleka Baba Mkwe Kuona Maporomoko

Hii nawaambia kwa sababu picha zenyewe mlishaziona, na heri mnisikie mimi kuliko wale wenzangu wa kazini ambao wameongeza chumvi hadi ati nilipoteza suruali (suruali ilikuwepo, ilipasuka tu nyuma).

Mnajua nilikuwa namchumbia Nekesa. Babake, Mzee Wafula, ni mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka upande wa Bungoma, mtu wa maneno machache na koti hata jua likiwaka. Jumamosi moja akaja Eldoret na mkewe kuniangalia, kabla hajakubali wazee wetu wafike kwake, na Nekesa alikuwa amenionya kwamba babake hapatani na mtu wa kujigamba. Sasa tuko kwangu, mtaa wa Langas, tunakunywa chai, mzee akauliza kama huu mji una kitu cha kumwonyesha mgeni mbali na maduka na wakimbiaji. Mimi, karani wa duka la mbegu na dawa za mifugo, ambaye njia zangu ni nyumbani, kazini na kanisani, nikajibu kwamba maporomoko ya mto Sosiani nayajua vizuri, huwa naenda kila mara. Sikuwa nimewahi kufika hata siku moja.

Basi tukapanda matatu, na tuliposhuka barabarani, sisi wanne, mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akatuuliza kwa upole kama tunatafuta maporomoko, atuonyeshe njia. Hapo ndipo niliharibu. Nilimwambia asante mama, sisi ni wenyeji, nikashika njia ya kwanza niliyoiona upande wa kushoto (yeye alikuwa ameanza kuinua mkono kuelekea kulia, nilimwona, lakini ningerudi na uso gani).

Ile njia ikatupitisha kando ya shamba la mahindi, tukainama chini ya seng'enge, mzee na koti lake, Mama Nekesa na mkoba wake, ikaishia mahali ng'ombe wanakunywa maji, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mzee akayaangalia yale maji yaliyotulia, akaniuliza kama hayo ndiyo maporomoko. Nikasema haya ni ya kuanzia.

"Ya kuanzia," akarudia polepole. Mama Nekesa akageukia kando, nikaona mabega yanatetemeka.

Kwa bahati nikasikia maji yakinguruma nyuma ya vichaka, huko chini. Nikawaomba wangoje juu nikague njia. Mteremko ulikuwa mkali, nyasi zimelowa mvua, na viatu vyangu vilikuwa vile vya ngozi vyenye soli laini kama sahani, nimevinunua kwa ajili ya ugeni huo huo. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikajikuta nimekaa, nikaanza kushuka kwa makalio huku nikishika kila kichaka na kila kichaka kinang'oka kinanifuata, hadi nikatokea kwenye mwamba mpana uliojaa watu wa nguo za zambarau.

Ilikuwa harusi. Maporomoko yalikuwa pale nyuma yao, mazuri kweli, maji yanashuka meupe kama maziwa, na mbele yake maharusi wametulia wapigwe picha. Breki yangu ilikuwa viatu vya bwana harusi. Matope yakaruka, yakatua kwenye gauni. Mpiga picha hata hakuacha kubonyeza.

Shangazi wa bibi harusi akaja akasimama juu yangu akitaka kujua mimi ni mlevi wa wapi na nimetumwa na nani. Ndipo nikamwona Mzee Wafula anateremka ngazi (kumbe kulikuwa na ngazi, hapo karibu kabisa), Nekesa nyuma yake ameufunika uso.

"Mzee, unamjua huyu mtu?" shangazi akamuuliza.

Angesema hapana nisingemlaumu. Aliniangalia kuanzia nyasi za kichwani hadi chini.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Mtusamehe. Anapenda sana maporomoko."

Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akamshika mumewe mkono, na wengine wakafuata, hata shangazi. Mama Nekesa akatoa leso yake ya kujifunga kwenye mkoba, wakapangusa gauni pamoja, matope yakatoka karibu yote, kisha akampa Nekesa anipe nijifunge kiunoni, yeye mwenyewe akitazama mbali kwa heshima. Na maharusi wakakataa tuondoke bila picha. Ndiyo maana niko pale katikati ya wasimamizi, nimejifunga leso ya maua.

Tukirudi, mzee alinieleza jinsi maporomoko yanavyotokea, mwamba mgumu juu, laini chini, nami nikasikiliza kama mtoto wa kidato cha kwanza. Wakati wa kuagana akaniambia wazee wetu wanaweza kuja.

"Lakini waje na mtu anayejua njia," akaongeza.

Tangu siku hiyo mimi nauliza. Jumapili iliyopita nilimuuliza mzee wa kanisa choo kiko upande gani, kanisa ambalo nimesali miaka sita, akanitazama vibaya, na sikujali hata kidogo.