Siku turubai la muziki lilipopaa Koboko na mzee wa watu

Wakuu, shikamooni kwa mlionizidi umri kama mpo humu, wengine wote habari zenu.

Nina miaka sabini na kitu. Huu ni uzi wangu wa kwanza na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi ikiruka mnivumilie. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Koboko, Uganda, miaka ile ya sabini. Mwaka wenyewe siukumbuki, ila sabuni ilikuwa imeanza kuadimika na nguo nzuri ukiipata unamshukuru Mungu. Sidanganyi hata mstari mmoja. Umri huu nidanganye ili nipate nini?

Mimi kwetu Arua. Nilikuwa fundi cherehani, kijana, sina mke. Siku za soko nilikuwa napanda lori na cherehani yangu kwenda Koboko kushona.

Huko Koboko kulikuwa na binti anaitwa Hawa.

Sitaeleza sana. Wenye kuelewa mmeelewa.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Rajabu. Mnubi, koplo mstaafu, mrefu, mwembamba kama mti wa bendera, na alitembea kama bado anakaguliwa. Kila nikipita karibu na nyumba yake ananiuliza swali lile lile: "Wewe kijana ya Arua, iko natafuta nini huku?"

Na mimi najibu lile lile: "Natafuta uzi, Mzee."

Sasa, ikaja habari kwamba bendi kutoka ng'ambo, upande wa Zaire, inakuja kupiga laivu Koboko. Jina lao nimelisahau, lilikuwa refu kuliko gari walilokuja nalo. Magitaa manne, tarumbeta mbili, jenereta yao wenyewe.

Wakuu, nyinyi mna simu, muziki mnatembea nao mfukoni. Sisi tulikuwa tunasikia bendi redioni, tena kwa kukwaruza. Kumwona mtu anapiga gitaa mbele ya macho yako ilikuwa sawa na kuahidiwa kuuona mwezi kwa karibu.

Wiki mbili nzima mji haukufanya kazi. Vijana walikuwa wanapiga pasi suruali zao za bugaluu kila jioni na hawazivai. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alionekana dirishani akifanya mazoezi ya kucheza na kiti. Kuna jamaa watatu walitoka Inde, kule kusini mwa Arua, wakafika siku mbili kabla eti wasije wakachelewa. Wakawa wanashinda barabarani wanaangalia vumbi. Gari likitokea wanapiga kelele, "Wamekuja!" Linafika, ni lori la muhogo.

Mimi ndiyo usiseme. Hawa aliniletea kitambaa nimshonee gauni la siku hiyo. Maua makubwa ya njano juu ya bluu, kitambaa kimevuka mpaka, hakuna mwingine mwenye nacho Koboko nzima. Nilishona gauni refu mpaka chini, maana serikali ya wanajeshi ilikuwa imekataza nguo fupi. Kitambaa kilichobaki nikamrudishia akampelekea mama yake.

Promota alikuwa mfanyabiashara mmoja anaitwa Kasimu. Ukumbi hakuna, na mambo ya usiku yalikuwa na maswali mengi ya askari, kwa hiyo akapanga shoo iwe saa nane mchana, ndani ya hema. Nguzo za miti, kuta za mikeka ya matete, juu turubai.

Turubai kubwa la kutosha, mji mzima lilikuwa moja tu. La lori la tumbaku. La Mzee Rajabu.

Kasimu akaniomba nimsindikize kuliazima. Nikajua huu ndio mwisho wangu. Mzee akatusikiliza, akasema:

"Muziki ya Zaire mimi sipendi. Lakini turubai nitatoa. Na mimi naenda na turubai yangu. Itakaa pale, mimi nakaa pale."

Kasimu akamwambia, "Mzee, utapewa kiti cha mbele."

"Sitaki kiti. Nitashika kamba."

Siku yenyewe kufika saa sita mji mzima umejaa uwanjani. Bendi ilikuwa imefika kweli, wako ndani wanajaribu vyombo. Kila gitaa likilia, watu nje wanapiga mayowe. Wale wa Inde walikuwa mlangoni kabisa, mmoja analia machozi na shoo haijaanza.

Tukafunguliwa. Hawa akakaa mstari wa pili, gauni la maua, nilimwona mpaka nikasahau kufumba mdomo. Mimi nilikuwa kwenye kundi la kukaza kamba za nje. Kona ya mashariki tulikuwa wanaume nane, na kiongozi wetu kwa kujiteua ni Mzee Rajabu.

Kamba ya kona ile ilikuwa fupi, haifiki kwenye kigingi. Mzee akaiangalia kwa dharau ya kijeshi. Akavua mkanda wake wa suruali, ule mpana wa jeshi, akaunganishia. Ikafika.

Wakuu, kumbukeni alikuwa mwembamba. Akawa anashikilia suruali kwa mkono wa kushoto, kamba kwa mkono wa kulia, na uso umekaza kama yuko kwenye gwaride.

Bendi ikapiga wimbo wa kwanza. Nusu ya kwanza tu. Hata mwimbaji hajafungua kinywa.

Upepo ukaja.

Ule wa kabla ya mvua, unaobeba vumbi jekundu lote. Turubai likavimba. Nguzo zikalia. Kigingi chetu kikang'oka kama jino bovu, na Mzee akapiga kelele, "Shika! Mutu asiachie!"

Tukashika wote nane. Turubai likavuta tena. Nikaona miguu ya Mzee Rajabu inaondoka ardhini.

Kwanza vidole. Halafu yote.

Amekataa kuachia mali yake, sasa anashika kamba kwa mikono miwili, anapanda juu. Mimi sikufikiri. Nilirukia kilichokuwa karibu, nikakumbatia suruali.

Suruali ikaja. Mzee akabaki juu.

Na wakati huo huo ukuta wa mikeka upande ule ukaanguka, kwa hiyo watazamaji wote waliokuwa ndani wakageuka na kuona kilichokuwa nje. Yaani Mzee Rajabu, koplo mstaafu, ananing'inia kwenye kamba, amevaa kaptura ya ndani yenye maua makubwa ya njano juu ya bluu.

Kile kitambaa kilichobaki! Mama Hawa hakutupa kitu.

Watu wakamwangalia Mzee. Wakamwangalia Hawa mstari wa pili. Wakamwangalia Mzee tena.

Nikaitupa suruali, nikashika vifundo vya miguu ya Mzee na kuning'inia kwa uzito wangu wote. Tukashuka, tukapanda kidogo, tukashuka. Mwisho turubai likachanika, likaondoka zake, nasi tukaanguka chini, yeye juu yangu. Aliinuka, akavaa suruali bila kuharakisha, akachukua mkanda wake, akaenda nyumbani.

Mvua haikunyesha hata tone. Bendi ikapiga juani mpaka jioni, na kwa kuwa kuta hazipo, waliokosa tiketi nao wakacheza. Waliokuwepo wanasema haijawahi kutokea shoo kama ile. Mimi sikuiona. Nilijificha nyuma ya jenereta, najishika kichwa. Nyimbo zote nilisikia "trrrrrr."

Nikarudi Arua. Kwetu huwezi kumwona mkwe unayemtarajia katika hali ile, halafu ukapeleka watu kuomba binti yake. Nikajiambia Hawa basi tena. Nilikonda. Wateja nikawa nawashonea mikono ya mashati kinyume.

Wiki ya tatu ikaja salamu na dereva wa lori: Mzee Rajabu anakuita.

Nilienda nikiwa nimeshamuaga mama yangu, seriasi.

Nikamkuta amekaa na wazee wawili wa ukoo wake. Nikaonyeshwa mkeka. Mzee akasema:

"Kamba ile ilikuwa na watu wangapi?"

"Wanane, Mzee."

"Upepo ilipokuja mara ya pili, mimi iko juu. Nimeangalia chini. Nimeona mutu moja." Akawageukia wazee wenzake. "Wengine wote waliachia. Huyu alishika."

Mimi nilidhani nimeitwa kwa kesi.

Halafu akainama karibu nami, sauti ya chini.

"Lakini siku ile uliona nini?"

Nikajibu, "Kaptura, Mzee."

"Rangi gani?"

Nikamwangalia machoni. "Kijani ya jeshi, Mzee. Haina hata ua moja."

Akanyoosha mgongo kama aliyemaliza kukagua. Akaita ndani, "Hawa! Leta chai. Mgeni iko hapa."

Tumezaa watoto sita. Mzee alifariki tukiwa marafiki, na mpaka mwisho hatukulizungumza tena lile jambo. Hawa ananisoma hapa begani na amesema niongeze kwamba gauni lile lilimbana kwapani. Nimeongeza.

Nilichojifunza: tukiwa vijana tunahangaika kumwonyesha baba wa binti viatu, maneno mazuri na adabu ya kupanga. Yeye anakupima siku ambayo hukujiandaa, mahali ambapo ungependa asikuone. Siku hiyo ikifika, ng'ang'ania tu hata kama unachokishika ni aibu.

Haya, nimemaliza yangu. Nani humu alikutana na mkwe wake katika hali mbaya kuliko hii na bado akapewa mke? Shusheni, nasoma zote, polepole.