Magadi Ndani ya Tangi la Stesheni ya Same

Enzi za Mwingereza nilitunza tangi la maji pale stesheni ya Same. Maji ya kisima yalikuwa na chokaa, na chokaa ikiganda ndani ya boila ya garimoshi huiharibu. Kwa hiyo yalipitishwa kwanza kwenye tangi lililojaa punje ndogo za rangi ya asali. Fundi mkuu, Mzungu, alituambia zimepikwa kiwandani mfano wa utomvu, zina vitundu visivyoonekana vinavyonasa chokaa. Zikishiba, tunazisuuza kwa maji ya chumvi, zinaiachia, tunaanza upya. Ndivyo nilivyoelewa, huenda sikuelewa vizuri.

Tulikuwa wawili tu, Wapare wote, mimi wa kijiji cha Mamba, mwenzangu wa Gonja. Wake zetu walibaki milimani.

Safari moja chumvi ilichelewa, punje zimeshashiba, na injini zinasubiri maji. Mwenzangu akaleta magadi kutoka kwa wafugaji.

"Mke wangu akiona makande hayaivi, anatia magadi. Mara yameiva."

"Hii mashine, ndugu yangu, siyo chungu."

"Mwoga wewe! Ungekuwa mbuzi ungeomba ruhusa ya kula majani."

Akajaribu kwanza kwenye ndoo ya maji ya kisima. Sabuni, ambayo kwenye maji yale ya chokaa hukataa povu, ikatoa povu zuri kabisa. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Kisha akamimina tangini. Chokaa iliyokuwa imenaswa ikageuka unga mweupe, ukagandamana na punje kama plasta. Maji yakakataa kupita.

Fundi mkuu alipofika, mwenzangu hakujificha. "Nimeweka mimi, Bwana."

Fundi akanigeukia. "Kweli?"

"Kweli, Bwana. Lakini alijaribu kwanza kwenye ndoo, na chumvi tuliiomba, haikuja."

Alikwisha geuka. "Afungashe vitu vyake," alisema.

Mpaka leo sijui kama ningetanguliza hiyo "lakini" angenisikia. Pengine isingesaidia. Fundi naye alikuwa na injini zimesimama, simlaumu sana.

Nilimsindikiza mwenzangu mpaka njia ya kupanda Gonja. Nilitembea nimeinamisha kichwa.

"Usininunie," akacheka. "Mimi nakwenda kulala na mke wangu. Wewe baki na mbu."

Punje mpya zilipoletwa nilizijaza mwenyewe, nikafungua koki. Maji yakashuka vizuri. Nikageukia pale alipozoea kusimama mwenzangu, nikasema kwa Kipare, kwa sauti, kwamba yanapita.

Hapakuwa na mtu. Nikaendelea na kazi.