Nyoka wa Mfuko wa Shati

Watu wa mtaa ule walimpenda Kinyozi kuliko walivyompenda mkewe, na mkewe alilijua hilo. Kinyozi alikuwa na ulimi wa asali. Mtu aliyenyolewa jana angeweza kurudi leo, akakaa kwenye benchi la saluni mpaka adhuhuri, anasikiliza hadithi tu. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na wote walimwita hivyo, Mwalimu, hata waliomzidi umri. Walisema ni mkali. Walisema kweli, ila hakuna aliyejisumbua kuuliza ukali huo umetoka wapi.

Waliishi na binti yao katika vyumba viwili nyuma ya saluni. Baina ya saluni na chumba cha kwanza hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia. Kupitia pazia hilo uliingia mlio wa mashine ya kunyolea, vicheko vya wateja, na moshi wa sigara. Kinyozi alivuta tangu ujana. Pakiti ilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, na akiwasha yeye, wateja nao waliwasha, maana mwenye nyumba akila, mgeni hasusi.

Binti yao walimwita Chiriku kwa sababu alizungumza tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkate kauli. Alikuwa na pumu. Siku ambayo kifua kilimbana, maneno ndiyo yaliyotangulia kupotea. Mwalimu, akiwa anafua uani, alisikia kile kimya kabla ya kusikia mluzi wa pumzi, na mikono yake ilikuwa ikiacha nguo yenyewe.

"Baba Chiriku," alikuwa akisema, amesimama kwenye pazia, "sikwambii uache. Nakwambia uvutie nje."

Kinyozi hakuwahi kumjibu hapana. Hapo ndipo palipomchoma zaidi. Alizima mashine, akaligeukia benchi, akaanza: "Palikuwa na mtu mmoja aliyechukia kuvujiwa. Akaziba tundu la kwanza, akaziba la pili, akaziba madirisha, akaziba na mlango. Watu walipokuja kumjulia hali walimkuta amekufa kwa joto, na mvua yenyewe haijanyesha. Kila mtu, mama, ana katundu kake ka kupumulia."

Benchi lote lilicheka. "Shemeji, hapo huna jibu," alisema fundi viatu, ambaye hakukosekana kwenye benchi hilo.

Na kweli hakuwa na jibu, kwa sababu hadithi haijibiwi kwa hoja. Ukibishana nayo unaonekana huna ucheshi. Mwalimu alirudi uani akikamua nguo kama vile ana ugomvi nazo. Kilichomtia hasira ni kwamba kazi yake ilikuwa kufundisha vitu hivyo hivyo. Asubuhi aliandika ubaoni: wahusika, mandhari, msuko, dhamira. Aliwaambia wanafunzi kwamba mfano ni hadithi fupi inayobeba jambo jingine mgongoni, na kwamba msimulizi ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje. "Mkisha kuisikia," alisema, "msikimbilie funzo. Ulizeni kwanza: nani hayumo?" Katika hadithi ya mtu aliyeziba nyumba, mtoto hakuwamo.

Mchana alifundisha sayansi, kwa kuwa mwalimu wa somo hilo alihamishwa na hakuletwa mwingine. Alichora mapafu mawili na moyo katikati. Kwa chaki ya buluu alionyesha damu iliyochoka ikitoka kwenye moyo kwenda kwenye mapafu. Kwa nyekundu, damu hiyo hiyo ikirudi kwenye moyo imebeba oksijeni, kisha ikisukumwa mwili mzima. "Moyo na mapafu ni mtu na jirani yake," alisema. "Mmoja akiugua, mwingine halali." Mtoto mmoja akauliza moshi unakwenda wapi. Mwalimu alijibu kwamba unapita njia ile ile ya hewa, kisha akageukia ubao akafuta pasipokuwa na kitu, ili wasimwone uso.

Jumamosi moja alikwenda sokoni, akamwacha Chiriku na baba yake. Aliporudi, alimkuta mtoto amekaa kwenye kiti cha kunyolea, mabega yamepanda hadi masikioni, mdomo wazi, ngozi ya shingo ikizama kila anapovuta pumzi. Moshi ulikuwa umetanda saluni nzima. Kinyozi alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshika mikono, na alikuwa anamsimulia hadithi.

Anamsimulia hadithi. Mwalimu alikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi, na kila alipolikumbuka damu ilimpanda upya.

"Dawa yake ya kuvuta iko wapi?"

"Naona atatulia, mama, nilikuwa namtuliza..."

Mwalimu hakusubiri amalize. Aliichukua dawa juu ya kabati, akamketisha mtoto wima mlangoni penye hewa, akaitikisa, akampulizia kupitia kichupa cha plastiki cha kuwekwa mdomoni, akimhesabia pumzi taratibu, kwa sauti laini kabisa, huku moyoni anawaka. Kisha akambeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Kinyozi alifuata nyuma amevaa koti la kazi lililojaa nywele za watu.

Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alimwekea Chiriku barakoa ya dawa na kuwaeleza wazazi kwa maneno mepesi. Njia za hewa za mtoto huyu zina hasira, alisema. Zikiguswa na moshi zinavimba, misuli yake inabana, ute unajaa, na hewa inakosa pa kupita. Moshi wa mtu mwingine ni moshi vilevile. Halafu, kwa kuwa alimsikia Kinyozi akikohoa, alimpima naye presha, akakunja uso, akamwambia sigara inaharibu kuta za mishipa inayolisha moyo, na moshi wake una hewa ya sumu inayonyang'anya oksijeni nafasi yake kwenye damu.

Kinyozi alitabasamu. "Daktari, palikuwa na wazee wawili. Mmoja alipima kila tonge, mwingine alikula alichokikuta. Walizikwa siku moja, na wachimba kaburi hawakuuliza..."

"Nyamaza," alisema Mwalimu.

Hakupaza sauti. Muuguzi aliyekuwa akipita alisimama. "Mwanao ana barakoa usoni. Nyamaza, Baba Chiriku. Wazee wako wawili hawapo hapa. Hapa yupo yeye. Mtazame yeye."

Kinyozi alimtazama mtoto, kisha akatazama sakafu.

Kwa muda alivutia nje, chini ya ukingo wa bati. Msimu wa mvua ulipofika alisogea mlangoni, kisha akaweka mguu mmoja ndani, na kabla mvua hazijakatika alikuwa amerudi kwenye kiti chake, na benchi limerudi, na fundi viatu amerudi. Mama yake Kinyozi alipokuja kuwatembelea alimwita Mwalimu pembeni. "Mwanangu, mwanamume habanwi kama nguo ya kufuliwa. Vumilia." Mwalimu alimjibu kwa heshima kwamba amesikia. Wiki ile ile alimwita fundi seremala, akang'oa pazia, akatia mlango wa mbao unaofungwa kwa ndani. Chiriku alikatazwa kukanyaga saluni. Mtaa ulisema Mwalimu amemfungia mumewe nje ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha asubuhi moja, akimnyoa mteja, Kinyozi aliona kama mtu amemkalia kifuani. Maumivu yalipanda kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Jasho jembamba la baridi likamtoka. Alitaka kusema neno la kuchekesha, pumzi ikagoma. Fundi viatu ndiye aliyegonga ule mlango wa mbao, na Mwalimu ndiye aliyetafuta gari. Njiani alimshika mumewe kwa mikono miwili, akimwambia asife, akimtukana chinichini, yote kwa pamoja.

Hakufa. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba, na alifikishwa hospitali mapema, dawa zikauwahi. Alipotoka alikuwa amekonda, na hakugusa sigara tena. Kutamani alitamani; alimfokea kila mtu, alitafuna vijiti vya meno mpaka fizi zikavimba. Lakini hakugusa.

Mtaa ukamfanya shujaa. Saluni ilijaa kuliko zamani. Na Kinyozi, roho ilipomrudia, akatunga hadithi mpya. Mwalimu aliisikia alipokuwa anapita na ndoo ya maji, mlango ukiwa wazi.

"Palikuwa na mtu," alikuwa akisema, "aliyefuga nyoka kwenye mfuko wa shati. Alimlea tangu akiwa mdogo kama uzi. Watu walimwambia, mtoe huyo. Akasema, ananipa joto. Siku moja nyoka akageuza kichwa, akamuuma hapa hapa, juu ya moyo. Basi yule bwana, huku anakufa, alimkamata nyoka kwa mkono wake mwenyewe akamtupa kule."

Benchi lilipiga makofi. Fundi viatu alifuta machozi.

Mwalimu aliitua ndoo. Aliingia saluni, mahali ambapo hakuwa ameingia kwa miezi, na maji yalikuwa yanamchuruzika mkononi.

"Hadithi nzuri," alisema. "Mandhari yapo, mgogoro upo, na kilele kipo. Nina swali moja tu. Huyo nyoka alianza kumuuma nani?"

Fundi viatu akaacha kufuta machozi.

"Mtu huyo alikuwa na mtoto. Nyoka alimuuma mtoto kwanza. Akamuuma tena na tena. Mtoto akabebwa mgongoni mpaka kwa mganga, na mwenye shati akaona, akarudi nyumbani, akamrudisha nyoka mfukoni. Mpaka alipoumwa yeye. Ndipo nyoka akawa mbaya." Sauti yake ilianza kupasuka, akaikaza. "Sikukatazi kusimulia. Lakini mtoto umemtoa. Mrudishe. Na nyinyi mnaopiga makofi, kila mmoja wenu alikuwa na nyoka wake humu humu, na mlikuwa mnaniita shemeji."

Fundi viatu alisimama, akakaa tena. Kinyozi aliweka kitana chini.

"Mama Chiriku," alisema, "si mbele za watu."

"Ulinicheka mbele za watu."

Alichukua ndoo yake akaingia ndani. Hakulia mpaka alipofika uani, na hata hapo alilia kwa hasira, akijipiga paja kwa ngumi.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, Kinyozi aliingia chumbani, akaomba Chiriku aitwe. Alikaa kitini bila kuegemea. Alisema vibaya sana, yeye bingwa wa maneno, alikatikakatika, alirudia. Alisema, "Nilikuwa najua moshi unakuumiza. Nilijua tangu siku ile ya kituo cha afya. Niliacha nilipoogopa kufa mimi. Ilitakiwa niache siku ile." Basi. Hakuweka mnyama, hakuweka mzee.

Chiriku, ambaye hakosi la kusema, alifikiri kidogo. "Baba, sasa naweza kuja saluni?"

"Muulize mama."

"Bado," alisema Mwalimu. "Kuta zinanuka moshi. Baba yako apake rangi kwanza."

Alipaka. Fundi viatu alimshikia ngazi. Anayetaka kuvuta sasa anavuka barabara, na wawili watatu walihama wakaenda kunyolewa kwingine, wakisema saluni imekuwa darasa.

Daktari alikuwa amemwagiza Kinyozi atembee nusu saa kila asubuhi, apunguze chumvi, asiruke vidonge. Mwalimu alitembea naye, kwa sababu hakumwamini. Alitangulia hatua kadhaa na hakuzungumza. Moyo wake haukuwa umetulia. Mara nyingine akiwa jikoni alikumbuka lile koti lenye nywele na ile hadithi ya kumtuliza mtoto asiyeweza kupumua, akabamiza kifuniko cha sufuria.

Asubuhi moja walikuwa wanapanda kilima cha nyuma ya shule. Kinyozi alikuwa anahema. "Mama Chiriku," aliita, "palikuwa na mtu aliyekuwa akipanda..."

"Sema unachotaka kusema."

Walipita miti miwili.

"Naogopa," alisema. "Kila moyo ukiruka, naogopa."

"Hata mimi," alisema Mwalimu bila kugeuka.

Alikuwa bado amemkasirikia. Alipunguza mwendo kidogo, kwa kuwa kilima kilikuwa kimeanza kuwa kikali, mpaka yule mwanamume akamfikia, wakaendelea kupanda.