Karatasi ya Kufungia Samaki

Kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, ambayo hadi leo hunipitisha njia ya nyuma kila niendapo ufukwe wa Dunga, yafaa nieleze mambo yalivyokuwa. Nilikuwa nimestaafu ualimu, mgane wa miaka sita, ninaishi Kondele na vitabu vyangu, na kila Jumamosi saa nane mchana niliwafundisha Kiingereza wanawake kumi na mmoja wanaokaanga na kuuza samaki ufukweni. Kiingereza cha kumwuzia mgeni samaki wa ngege walikuwa nacho tangu zamani. Walichokosa ni maneno ya kuunganisha, yale ya “although”, “therefore” na “however”, hata barua zao kwa wenye hoteli zikawa sentensi fupi fupi, kila moja ikimpa mwenzake mgongo. Basi niliwazoeza kupiga kofi moja kila walipofikia neno la kuunganisha (mbinu niliyoionea fahari, Mungu anisamehe).

Tena nilikuwa na desturi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karatasi ya kufungia samaki ni kitu cha kutafutwa pale, nami nyumbani nilikuwa na marundo ya mitihani ya zamani, kwa hiyo kila Jumamosi niliwapelekea furushi moja.

Na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mama mmoja mjane, wote wakimwita Nyar Seme kwa kuwa kwao ni Seme, ambaye alikaa karibu na dirisha, akaandika polepole, na akiisha kuandika alitazama ziwa kana kwamba sentensi yake imeenda huko naye anaingoja irudi. Kwa miezi minane sikumwambia neno lisilohusu somo.

Alhamisi moja nilihitaji mifano ishirini. Nilikuwa nimechoka na mifano ya vitabuni, ya watu wasiokuwepo wanaochelewa shule kwa sababu ya mvua, nikaamua (uamuzi mdogo tu, wa mtu aliye peke yake mezani) kuandika kwanza mifano ya kweli, yangu mwenyewe, kisha nitunge mingine ya darasa. Nilijaza karatasi mbili, nikaziacha juu ya rundo la mitihani. Jina lake niliandika mara moja, mwisho wa ukurasa wa pili.

Jumamosi nikabeba furushi bila kulikagua, nikamkabidhi Mama Pamela, mwenyekiti wao, nikaketi kula samaki nikingoja saa ya somo. Sikuwa nimefika kwenye kichwa cha samaki niliposikia, “Aii yawa! Mwandiko wa mwalimu huu! Kujeni, revision imeanza!”

Nilisimama na mikono imejaa mafuta. Mama Pamela alikuwa ameinua ukurasa wa kwanza, anausoma kwa Kiingereza, kisha anawafasiria wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wasiohudhuria darasa: ingawa amefiwa, kicheko chake hakijafiwa. Kofi. Ana kovu la kisu kwenye kidole gumba, hata hivyo sijaona mkono mzuri kuushinda. Kofi, tena la watu wengi zaidi, maana wauza omena nao walikuwa wameshajifunza. Nyumba yangu ina viti vinne, kwa hiyo kila jioni nahesabu vitatu vitupu. Hapo kofi lilikuwa hafifu, mtu mmoja akasema, “Woi, mwalimu.”

“Leta ukurasa wa pili!” wakadai.

“Wa pili nimefungia yule jamaa wa pikipiki samaki wawili,” alisema Mama Pamela. “Ameshaenda zake. Mwalimu, tuambie wewe. Huyu mama ni nani?”

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Wote walikuwa wamemgeukia Nyar Seme, aliyekaa juu ya kreti akimtoa samaki magamba, na kovu lake lilionekana na kila mtu. Kisu kilikuwa kimesimama. Alinitazama mimi, si wao, na uso wake (nimeurudia mara nyingi mno kuweza kukosea) haukuwa na hasira wala kicheko. Ulikuwa unangoja.

Nami, niliyesoma miaka yote ile, nilisema, “Ni mifano tu, akina mama. Ya kitabu. Hakuna mtu kama huyo.”

“Kitabu gani hicho kinajua Dunga hivi?” mmoja akauliza, wakaangua kicheko, mimi nikacheka kuliko wote.

“Sawa, Mwalimu,” alisema Nyar Seme. “Kumbe ni mifano.” Akaendelea na samaki wake, akatoa magamba yote, akamgeuza, akatoa ya upande wa pili.

Sijamlaumu Mama Pamela wala yule wa pikipiki. Furushi lile lingenifungulia mlango ambao nisingeugusa maishani, nami niliufunga mbele ya watu kwa sentensi tatu fupi, zisizounganishwa na chochote. Tangu siku hiyo nimeapa kwamba nikiulizwa jambo la kweli hadharani nitalijibu, hata mikono ikiwa na mafuta.

Nyar Seme hakuja darasani Jumamosi ile wala iliyofuata. Mwezi haujaisha alihamia Muhoroni, mbali na ziwa, kwa dada yake, ambako sasa anauza samaki.