Neno Madai

Tangazo lile nililiandika mimi. Nalisema mwanzo, maana nimewasikia watu wa Amu wakimlaani Mzungu kwa ajili yake, nami nimeketi nao barazani, natikisa kichwa pamoja nao.

Nilikuwa karani wa serikali, kazi yangu kufasiri. Siku moja bwana mkubwa alinipa karatasi ya Kizungu: kila mwenye shamba aje ofisini kabla ya muhula uliowekwa, ataje mipaka yake, aandikwe. Asiyekuja, shamba lake litakuwa la serikali. Maneno yenyewe ndiyo hayo tu, na mama yangu jikoni angeyaelewa. Lakini mimi, hodari wa kalamu, niliyaona mepesi mno. Serikali iseme kama muuza samaki? Nikatafuta maneno ya kikadhi, nikaandika: "Kila mwenye madai juu ya ardhi na ayadhihirishe, madai yasiyodhihirishwa yatabatilika." Nikalisoma tangazo langu mara tatu kwa sauti. Likanipendeza, Mungu anisamehe.

Sasa, kwetu mdai ni nani? Ni mtu ambaye chake kiko mkononi mwa mwingine. Huendi kwa kadhi kudai kofia iliyo kichwani mwako.

Nilitumwa Siyu kulisoma baada ya swala ya Ijumaa. Watu walisikiliza kwa adabu, wakavaa viatu vyao, wakaenda zao. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alinichukua kwake kula. Yeye ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, na minazi ya shamba lake ndiyo iliyonilisha mpaka nikasoma. Tulikula upenuni, shamba lenyewe liko mbele yetu.

"Mna maneno huko Amu," alinitania. "Mimi, alhamdulillahi, sina madai na mtu. Nti hii ni yangu, ilikuwa ya babangu, na ya babake."

Niliyasikia wazi kabisa, na nilijua papo hapo kwamba hakuelewa. Ningeweka tonge chini nikamwambia: mjomba, njoo uandikwe, usipokuja watalichukua. Lakini kumweleza kulikuwa kukiri kwamba tangazo langu zuri halieleweki. Nikajiambia, asiyejua maana haambiwi maana, atawauliza wengine. Nikaomba mchuzi zaidi.

Hakumuuliza mtu. Aulize nini, na madai hana?

Muhula ukapita. Kutoka Siyu walikuja watu wachache mno, tena wale waliokuwa wakigombania mipaka. Hao walikuwa na madai kweli. Mwaka uliofuata wapimaji wakasimika mawe yao katikati ya minazi ya mjomba, na askari akamwambia asiangue hata dafu moja.

Mjomba alikuja ofisini asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, akasimama mbele ya meza yangu mpaka nilipomwomba aketi.

"Neno lile la madai, mwanangu," akasema. "Nani aliliandika?"

"Lilitoka Mombasa, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Aliniamini. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko minazi yenyewe.

"Basi shika kalamu. Shamba langu liko mkononi mwa mtu. Sasa nina madai."

Nikaandika. Jina lake, la baba yake, mipaka yote minne, kwa hati nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, kwenye karatasi ambayo nilijua hakuna atakayeipokea. Nilipomaliza aliniombea dua, akaniuliza arudi siku gani kupata jibu. Nikamtajia siku.